Kabla Hujalaumu Kahawa ya Mgonjwa

Maneno niliyosema hapa Goma mbele ya ma dantisti vijana, ma asistanti wa kabine na ma teknisie wa labo. Nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni, na maswali mawili matatu ya watu nimeyaingiza ndani.

Jambo kwenu wote. Ma dokta, ma asistanti, ndugu zetu wa labo, na nyinyi vijana wa mwaka wa mwisho ambao mumeketi kule nyuma, mukaribie, fasi iko huku mbele.

Nimeombwa niongee juu ya simenti za resini, ile gundi ya plastiki ya kubandikia meno yanayotengenezwa labo, na rangi yake vile inaenda ikibadilika na miaka. Najua kuna mwenye atasema mada hii ni ndogo, kwamba kuna mambo makubwa zaidi kwa meno ya watu wetu, watu wanang'olewa meno ambayo yangeponywa, watoto wanalala na maumivu, na ni kweli kabisa. Lakini mtu wa hapa Goma akitoa feza juu ya meno yake ya mbele, feza ile mara nyingi imetoka kwa likelemba, ule mchezo wa kuchangiana feza, ao ameuza kitu, ao ndugu yake amemtumia kutoka mbali, na amekuja kwako juu ameona aibu ya kucheka mbele ya watu kwa miaka mingi. Sasa huyo mtu akirudi baada ya miaka miwili mitatu anasema dokta, meno yamekuwa manjano, siye tunamjibu nini? Jibu nimelisikia kwenye kabine nyingi sana na ni moja: mama, punguza kahawa. Papa, acha sigara, acha mawese, acha pilipili. Mgonjwa anainamisha kichwa, anarudi nyumbani anaamini ni yeye aliyeharibu.

Mi nasema kabla hujalaumu kahawa, angalia simenti yako na lampi yako ya kuigandisha. Hiyo njo kitu moja nimekuja kusema leo, ingine yote ni kuonyesha kwa nini.

Tuanze na seramiki. Fasete, lile ganda jembamba linalobandikwa mbele ya jino, ikiwa ya seramiki iliyopikwa vizuri labo na ikapewa glezi yake, ile ngozi ya kung'aa, uso wake ni karibu na kioo. Kahawa haipenyi pale. Inaweza kulala juu, inaweza kushika kwenye ukoga, lakini ukipiga burashi na pasta ya kusafishia inatoka na chini unakuta rangi ileile labo iliyokupa. Seramiki yenyewe haigeuki manjano kwa miaka miwili. Basi kama umesafisha, umekausha, umeangalia kwa mwanga wa dirisha, na jino bado ni la manjano ao limekuwa la kijivu, ujue unaona kitu kilicho nyuma ya seramiki, na nyuma ya seramiki kuko vitu viwili tu: jino la mtu na simenti uliyoweka wewe.

Fasete za siku hizi ni nyembamba sana, milimita 0.3, 0.5, 0.7 hivi. Mwanga unapita, unagonga simenti, unarudi kwa jicho. Njo maana simenti ileile ukiiweka chini ya kurone, ile kofia ya jino, nene ya jino la nyuma, ya milimita 1.5 ao zaidi, inaweza kugeuka vile inataka na hakuna mtu ataona, lakini ukiiweka chini ya fasete ya jino la mbele mgonjwa mwenyewe ataona kwa kioo cha pikipiki. Kwa hiyo mtu asiniambie simenti fulani ni nzuri juu ameitumia kwa makurone mengi bila shida. Kule ilikuwa imefichwa.

Sasa kwa nini plastiki hii inageuka. Nitapita kwa historia haraka, juu inasaidia. Huko Marekani miaka ya 1930 Charles Pincus alikuwa anawawekea wasanii wa filamu wa Hollywood fasete za kushika kwa muda tu, wakimaliza kupiga picha wanatoa, hakukuwa na kitu cha kuzishikisha kweli. Mwaka 1955 Michael Buonocore akaonyesha kwamba ukipakaza asidi kwenye enameli, ile ngozi ngumu ya nje ya jino, resini inashika. Mwaka 1962 Rafael Bowen akapata hati ya uvumbuzi wa Bis-GMA, ile resini ambayo paka leo iko ndani ya prodwi nyingi tunazotumia. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kukwaruza uso wa seramiki kwa asidi, wakaipaka silani, dawa ya kuiunganisha na resini, wakaibandika kwenye enameli, na hapo fasete ikawa kitu cha kudumu. Tangu siku hiyo tumechagua kubandika na plastiki, na plastiki inazeeka. Fosfati ya zinki ya wazee wetu haikuwa na matatizo haya ya manjano, lakini haikuwa inapitisha mwanga na haikuwa inashika vile. Hatuwezi kurudi kule kwa fasete.

Simenti za resini ziko za aina tatu ukiangalia vile zinaganda. Kuko ya kujigandisha yenyewe, unachanganya pasta mbili na saa inaanza kuhesabu. Kuko ya mwangaza, haigandi paka umewasha lampi. Na kuko ya njia mbili, inachanganywa na inawashwa pia, na hiyo njo imejaa kwenye makabine yetu juu inaonekana ni ya kazi zote, unanunua moja unabandika kila kitu, na kwa mtu anayehesabu dolari zake hiyo inaeleweka.

Lakini angalieni ndani yake. Ile ya kujigandisha na ile ya njia mbili, kwa kawaida inafanya kazi na dawa mbili za kugandisha, peroksidi ya benzoili ikikutana na amini ya aromatiki. Zikikutana zinazaa radikali, radikali zinaunganisha resini, simenti inaganda. Vizuri sana. Shida ni kwamba amini haiishi yote. Ile inayobaki ndani, mwezi kwa mwezi inakutana na oksijeni na inageuka, inaenda manjano, kisha kahawia, vile ndizi uliyomenya ukaacha mezani inageuka bila mtu kuigusa. Hakuna kahawa pale. Mgonjwa anaweza kunywa maji ya kisima tu maisha yake yote na amini itafuata njia yake.

Ile ya mwangaza haihitaji ile peroksidi. Inatumia kamforakwinoni, dawa inayoamshwa na mwanga, na amini pia, lakini kiasi cha amini kwa kawaida kimepungua na mara nyingi ni ya aina tulivu kuliko ile ya kuchanganya. Kamforakwinoni yenyewe ni ya manjano, manjano kabisa, na sehemu yake inafifia ukiiwasha, njo maana simenti unaiona inakuwa nyeupe kidogo baada ya lampi. Hapo kuna mtego: ukiwasha kidogo, kamforakwinoni nyingi inabaki bila kutumika, manjano yake inabaki, na resini nyingi inabaki bila kuunganishwa. Nitarudi kwa lampi juu pale njo kuna maneno mengi.

Siku hizi makampuni yanatoa simenti za njia mbili ambazo hazina amini kabisa ao wamebadilisha mfumo wa kuanzisha, na kwenye vipimo vingi zinakaribia zile za mwangaza kwa kushika rangi. Hiyo ni habari njema. Soma karatasi ya ndani ya boksi, tafuta kama wameandika haina amini. Kama hawajaandika, chukulia iko.

Kitu cha pili ni maji. Watu wanafikiri simenti ikishafunikwa imekauka milele. Hapana. Jino ni kitu cha maji, dentini, sehemu iliyo chini ya enameli, ina vijia vidogo vimejaa maji, na mdomo wote ni maji. Resini inakunywa maji polepole. Kati ya resini zinazowekwa ndani yake, TEGDMA inakunywa sana, Bis-GMA nayo iko na makundi ya hidroksili yanayopenda maji, UDMA inakunywa kidogo. Maji yakiingia yanalegeza, yanabeba rangi kutoka nje kupitia ukingo, yanatoa vipande vya resini ambavyo havikuungana. Na hata ukiwasha vizuri sana resini haiungani yote, sehemu nzuri ya vifungo vyake inabaki wazi. Ukiwasha vibaya inabaki nyingi zaidi. Unaona vile kila njia inaturudisha kwa lampi.

Mtu ameniuliza: dokta, tunajuaje kwamba si kahawa, kuna mtu amepima? Ndiyo, wamepima, sana. Wanatengeneza visahani vidogo vya simenti, ao wanabandika kipande cha seramiki juu yake, wanavilaza kwenye maji ya digrii 37, ao wanavihamisha kati ya maji ya digrii 5 na ya digrii 55 mara maelfu, ao wanavipiga mwanga wa UV, na wengine wanaweka kwenye kahawa, chai, divai nyekundu. Rangi wanaisoma na spektrofotometa, mashini ya kupima rangi, kwa namba tatu, L ya weupe na weusi, a ya nyekundu na kijani, b ya manjano na buluu, mfumo ambao dunia imeutumia tangu 1976. Tofauti ya kabla na baada inakuwa namba moja, delta E. Kwa kazi ya meno, delta E ya 1.2 nusu ya watu wanaona tofauti, na ikifika 2.7 nusu ya watu hawaikubali tena. Zamani walikuwa wanatumia 3.3, mutaikuta kwenye makaratasi ya zamani, ilitoka 1987, ilikuwa inasamehe sana.

Sasa sikieni vizuri hapa. Visahani vilivyolazwa kwenye maji matupu navyo vinageuka. Vilivyopigwa UV bila hata tone la kahawa vinageuka, na b inapanda, maana yake manjano. Ni kweli vile vya kwenye kahawa vinageuka zaidi, sikatai, lakini kile kisahani kiko uchi, kahawa inakigusa pande zote. Simenti ya mgonjwa wako imefunikwa na seramiki mbele na jino nyuma, ni kauzi kadogo tu ka ukingo kako wazi. Kwa hiyo matokeo ya kahawa yanakuambia habari ya ukingo, na matokeo ya maji na UV yanakuambia habari ya ndani. Watu wanasoma kichwa cha habari tu, kahawa inachafua simenti, wanakimbia kumkataza mama kahawa.

Na kwa wingi, kwenye vipimo hivyo, za mwangaza zinageuka kidogo kuliko za njia mbili, na za njia mbili kidogo kuliko za kujigandisha. Si kila mara. Kuna za njia mbili nzuri na kuna za mwangaza mbaya. Lakini kama unabandika fasete nyembamba jino la mbele na uko na nafasi ya kuchagua, mi sioni sababu ya kuchagua ya njia mbili ya kawaida. Nasema hivi wazi: fasete nyembamba, simenti ya mwangaza. Kurone nene, inlay (kijazo cha kubandika) ya ndani sana, tige (kijiti) kwenye mzizi, fasi lampi haifiki, hapo chukua ya njia mbili, na hapo rangi si shida yako kubwa.

Tuje kwa mgonjwa anayerudi. Usimpe maneno kwanza, mpe kiti. Kausha jino, chukua mwanga mzuri, angalia manjano iko wapi. Kama ni kamstari ka kahawia kanazunguka ukingo, karibu na ufizi ao kati ya jino na jino, na katikati ya fasete ni safi kama siku ya kwanza, hiyo imetoka nje. Hapo ndiyo, kahawa imo, chai imo, mawese ya sombe imo, sigara imo, na dawa ya kusukutua ya klorheksidini kama ameitumia muda mrefu nayo imo. Chukua diski laini ao mpira wa kung'arisha, pitisha polepole. Kamstari kakitoka, maliza, ng'arisha, mrudishe nyumbani na furaha. Kasipotoka, tafuta kama ukingo umefunguka, kama kuna jino linaoza chini yake, juu hiyo si habari ya rangi tena.

Lakini hata kale kamstari, mbona kameingia? Uso wa resini uliogusana na hewa wakati wa kuwasha haugandi, oksijeni inauzuia, inabaki ngozi laini inanata. Ukiiacha vile, kahawa itapata fasi ya kulala. Dawa yake ni ya bei ndogo sana: pakaza gliserini kwenye ukingo kabla ya kuwasha mara ya mwisho, hewa isifike, washa tena, osha, kisha ng'arisha. Gliserini iko famasi yoyote ya hapa mjini. Wengi wetu tulifundishwa shuleni na tunaruka juu mgonjwa wa pili anapiga miguu kwenye koridoo.

Kama sasa fasete nzima imebadilika, toka juu paka chini, manjano ya sawasawa, huyo ni amini, ao simenti haikuganda, ao vyote viwili. Burashi haitatoa. Dawa ya kufanya meno kuwa meupe haitatoa, juu inafanya kazi kwa jino, haifanyi kwa seramiki wala kwa simenti iliyofunikwa. Hapo ni kuitoa fasete na kuifanya upya, na kila ukitoa unapunguza enameli ya mtu ambayo hairudi.

Na kama ni doa jeusi jeusi ao kijivu karibu na ufizi, na limeanza mapema, jiulize damu uliisimamisha na nini. Ile dawa yenye chuma, salfati ya feriki, inasimamisha damu vizuri sana lakini inaacha chuma, na chuma chini ya seramiki inayopitisha mwanga inaonekana. Kwa meno ya mbele tumia kloridi ya alumini, osha sana. Tena simenti ya muda: kama ulibandika fasete za muda na ojenati, ile ya harufu ya karafuu, ojenoli inayobaki inazuia resini kuganda. Tumia isiyo na ojenoli. Nimeyataja haya haraka lakini yanaharibu kazi nyingi.

Basi lampi. Hapa nitakaa kidogo.

Kamforakwinoni inapenda mwanga wa buluu, karibu nanomita 468. Lampi za LED za kawaida zinatoa hapo hapo, vizuri. Lakini kuna simenti nyeupe nyeupe ambazo wamepunguza kamforakwinoni na kuweka TPO, dawa ingine inayoamshwa na mwanga, juu TPO haina manjano ile. TPO haipendi buluu ya kawaida, inataka mwanga wa zambarau, chini ya nanomita 420 hivi. Ukinunua simenti ya bei kubwa yenye TPO na lampi yako ni ya LED moja ya buluu, umenunua simenti nzuri ambayo haitaganda vizuri. Uliza muuzaji, soma karatasi, lampi na simenti zinapaswa kuelewana. Lampi za aina mbili za mwanga ziko, bei imepanda lakini ziko.

Tena nguvu. Tunasema lampi nzuri inatoa miliwati 1000 kwa sentimita ya mraba ao zaidi, na ikishuka chini ya 400 usiiamini kwa kazi yoyote. Sasa wangapi hapa wamepima lampi yao mwaka huu? Naona mikono michache sana. Lampi haikufi kwa siku moja. Batri inazeeka, tunaicharji wakati umeme umekuja na kuitumia wakati umeme umeenda, ncha yake inashikwa na vipande vya resini vya wagonjwa waliopita, plastiki ya kuifunika imekunjamana, kioo kimekwaruzika, na jicho lako bado linaona buluu kali linafikiri yote ni sawa. Jicho haliwezi kupima hiyo. Na tafadhali usiiangalie moja kwa moja, vaa miwani ya rangi ya chungwa, si ya kupendeza, ni juu ya macho yako na juu bila miwani unageuza uso na mkono wako unahama, lampi inawasha ulimi wa mtu.

Kisha seramiki inakula mwanga. Milimita moja inakula sana, na ile yenye rangi nzito ao isiyopitisha mwanga inakula zaidi. Ukiweka ncha mbali na jino unapoteza tena. Kwa hiyo ile sekunde 10 iliyoandikwa kwenye sanduku ya lampi si ya kazi hii. Mi nawasha sekunde moja ao mbili kwanza, simenti inakuwa kama jibini, natoa mabaki yote na uzi kati ya meno, kisha nawasha kila upande, mbele, nyuma, ukingo, sekunde 40 kila fasi, ncha imegusa karibu, na asistanti anapuliza hewa jino lisipate moto. Asistanti mzuri hapa ana thamani kuliko simenti ya bei.

Simenti nayo iko na safari yake kabla ya kufika kwako. Hapa Goma tuko juu, hewa ni baridi, tunafikiri joto si shida. Lakini ile boksi imepita bandarini, imepita kwenye lori, imekaa forodhani, imepita mpaka. Nunua kwa mtu anayejua imekaa wapi, na sirinji ambayo tarehe imefutwa usiichukue hata kama ni bure. Ikifika, soma boksi inataka digrii ngapi, na toeni hizi prodwi kwenye etajeri iliyo juu ya mashini ya kuchemshia vyombo, nimeona hiyo kabine nyingi. Zile za kuchanganya zenyewe, ukikaa nazo kwenye joto mfumo wake unaharibika kabla ya tarehe. Na sirinji yenye ncha ya kuchanganyia inaleta mapovu kidogo kuliko kukoroga kwa mkono kwenye karatasi. Povu ni hewa, na hewa ni oksijeni ndani ya simenti.

Nataka niseme kitu juu ya mji wetu kabisa. Wengi wanaokuja kutuomba fasete hapa hawaji kwa sababu ya picha za simu. Wanakuja juu ya florozi. Mnajua wenyewe, mtu wa Sake, wa Rusayo, wa vijiji vya chini ya Nyiragongo na Nyamulagira, meno ya kahawia yenye mabaka, na watu wanamwambia hupigi mswaki. Si uchafu. Volkeno inatoa gesi yenye florini, mvua inaikamata, maji ya juu ya mabati na ya mawe ya lava yanakuwa na floridi nyingi, mtoto anakunywa wakati meno yake yanajengwa ndani ya ufizi, na kwa floridi ya maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Kitu kimeshaandikwa kwenye jino kabla halijatoka.

Huyu mgonjwa njo mgumu kuliko wote kwa habari ya rangi. Jino lake lililo nyuma ya fasete ni kahawia, kwa hiyo fasete nyembamba nzuri ya kitabuni inaonyesha kahawia. Daktari anachukua simenti nyeupe isiyopitisha mwanga kuficha, na ile nyeupe inazuia mwanga wa lampi wenyewe, inaganda vibaya, na ikigeuka manjano baada ya miaka, manjano juu ya nyeupe inaonekana mara moja. Tena enameli yenye florozi haikubali asidi upesi, ile asidi fosforiki ya 37% inahitaji muda zaidi, ao kwanza kupitisha bari ya kusagia kidogo juu. Kwa hawa nawaomba musikimbilie fasete. Jaribu kwanza kusugua juu na asidi na unga, jaribu kufanya meno meupe, jaribu vyote viwili pamoja, kwa florozi ya kati matokeo yanashangaza na jino linabaki zima. Ukishafanya meupe, ngoja wiki mbili hivi kabla ya kubandika chochote, juu oksijeni iliyobaki ndani ya jino inazuia resini. Na kijana ambaye bado anakua, ufizi haujatulia, usimwekee fasete hata kama baba yake amekuja na bahasha ya feza. Kama fasete lazima iwe, ongea na labo wakuletee seramiki yenye kuficha yenyewe, kazi ya kuficha ifanywe na seramiki ambayo haizeeki, si na simenti. Ndugu wa labo, hapo tunawahitaji, na tunapaswa kuwatumia picha ya jino lililokatwa, si rangi ya A1 iliyoandikwa kwenye kikaratasi tu.

Dada mmoja ameuliza: basi mgonjwa tumwambie nini? Mwambie kabla hajalipa. Mwambie seramiki itabaki, lakini gundi iliyo chini inaweza kubadilika kidogo na miaka, na kwamba wewe umechagua ile inayobadilika kidogo. Jaribu na pasta ya kujaribia, ile ya gliserini inayooshwa na maji, mwonyeshe kwenye kioo, atoke nje ya mlango aangalie kwa jua, arudi. Piga picha pamoja na kipimo cha rangi kando ya jino, iandike tarehe, itunze. Akirudi baada ya miaka mutaangalia picha pamoja, hakuna atakayebishana kwa kumbukumbu. Siku mbili za kwanza apumzishe kahawa na divai na mawese juu resini inaendelea kuganda taratibu kwa saa 24 hivi, kisha arudi kwa chakula chake. Kahawa ya Kivu ni yetu, watu wa Kalehe na wa Idjwi wanailima kwa jasho, sitaki dantisti aifukuze mezani kwa mtu kwa kosa la amini.

Kwa wale ambao kabine yao haina feza ya kununua aina mbili za simenti, hilo nalielewa. Muungane. Kabine tatu za kata moja mununue pamoja boksi moja ya mwangaza kwa ajili ya fasete, mugawane sirinji. Fasete hazibandikwi kila siku, itaisha kabla ya tarehe.

Nimemaliza kuongea. Radiometa, ile ya kupima nguvu ya lampi, iko pale kwenye meza ya pembeni, karibu na dirisha. Kila mtu aliyekuja na lampi yake apite. Futa ncha kwanza na pamba yenye alkoholi, batri iwe imejaa, tutapima mara tatu, kisha tuandike namba na tarehe kwenye kiplasta tukibandike kwenye mkono wa lampi ili mwezi wa sita ujao muone imeshuka kiasi gani. Wenye lampi iliyo chini ya 400, tukae pamoja baadaye tuone kama ni batri ao ni kioo. Wale wanaorudi Sake wapite wa kwanza juu njia ni ndefu.